Vitambaa viwili vya ajraki, rupia 160 na 520 kwa mita: mbona cha bei nafuu ndicho chenye "kasoro za mkono"?

Sele_Pune

Wadau, habari za jioni. Naomba msaada wa mtu anayevijua vitambaa vya India, maana kesho kutwa natakiwa kutoa oda na nimekwama.

Nipo Pune, chuo nimemaliza mwaka jana. Mimi na mwenzangu, mzaliwa wa hapa hapa, tunaanzisha brandi ndogo ya kurta za wanawake, yale mashati marefu ya Kihindi, tutauza mtandaoni tu. Tumependa ajraki, ile nakshi ya nili na wekundu mzito, nyota na miduara inayoshikana kila upande. Muuzaji mmoja wa Jaipur ametuletea vipande viwili vya mita tatu tatu. Kimoja rupia 160 kwa mita, kingine 520. Vyote pamba, na kwenye karatasi ya kila kimoja ameandika kwa kalamu kwamba ni kazi ya mkono.

Nimevitandaza sakafuni tangu jana. Kinachonichanganya ni hiki: kile cha 520 kimenyooka. Ukikitazama kwa mbali unaona nyota zimekaa kama askari kwenye gwaride. Kile cha 160 ndicho chenye dosari. Kuna mstari mweupe umekatika, pembe moja rangi imevuja, na kuna petali nyekundu imetoka kabisa nje ya mpaka wake. Siku zote nimesikia kwamba kasoro ndiyo alama ya mkono. Basi kwa akili yangu cha 160 ni cha mkono, na cha 520 ni cha mashine kilichopandishwa bei. Mwenzangu anasema nimegeuza mambo juu chini, ila hawezi kunieleza kwa nini.

Na swali la pili. Kuna brandi kubwa inauza kurta yenye nakshi kama hii kwa rupia 4,490. Je, ulinganifu wa nakshi ndio unaopandisha bei? Yaani nakshi ikilingana zaidi, kazi inakuwa kubwa zaidi? Nataka nipange bei ambayo naweza kumweleza mteja bila kuona haya.

Bi_Rukia_Ahmedabad

Sele mwanangu, usitoe oda kabla hujapima. Nimekaa Ahmedabad miaka kumi na mmoja, yote kwenye brandi ya nguo, sita ya kwanza nikinunua vitambaa na iliyobaki nikiwa meza ya kupanga bei. Maswali yako yote mawili nimeyalalia na kuyaamkia.

Mwenzako yuko sahihi. Lakini usiniamini mimi, iamini tepu. Chukua tepu ya fundi cherehani na pini chache. Kwenye kile cha 160, chomeka pini kwenye petali iliyotoka nje. Sasa fuata urefu wa kitambaa, mstari ule ule, usiende kulia wala kushoto. Nakadiria ukifika sentimita 64 utakuta petali nyingine imetoka nje vile vile, upande ule ule, kwa kiasi kile kile. Ongeza 64, utaikuta ya tatu.

Kitambaa cha namna hiyo kimechapwa kwa skrini ya silinda. Rangi inasukumwa kutoka ndani, inapenya kwenye vitundu, kitambaa kinapita chini, na mzingo wa silinda uliozoeleka sana viwandani ni sentimita 64. Silinda ikimaliza mzunguko mmoja inarudia kila kilichochorwa juu yake: nyota, miduara, na kasoro.

Na kasoro hiyo, mwanangu, imechorwa kwa makusudi. Nimekaa kwenye kikao ambapo mbunifu aliambiwa arudi kwenye kompyuta aongeze kasoro kwenye faili, hapa mstari ukatike, pale rangi ivuje, "ionekane ya mkono". Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai, nikanyamaza. Ile kurta ilipanda bei kwa rupia 400 bila kuongezwa hata uzi mmoja. Mchapaji ambaye mkono wake uliigwa hakupata hata senti. Jambo hilo linaniuma mpaka leo, na ndiyo sababu nakuandikia kwa urefu hivi.

Sasa njoo kwenye mkono wenyewe. Ajrakhpur, kijiji cha wachapaji wa ajraki kule Kutch, Gujarat, nimekwenda kila msimu wa ununuzi. Kijiji hicho kilianzishwa baada ya tetemeko la tarehe 26 Januari 2001, kwa sababu wachapaji wa Dhamadka, kijiji chao cha zamani, waliona maji yao yamebadilika, chuma kimezidi, na ajraki haitoki bila maji mazuri. Mchapaji anasimama mbele ya meza ndefu. Kibao chake ni cha mti mgumu, kimechongwa mistari myembamba kama kucha. Anakigusisha kwenye trei ya chokaa na gundi ya mgunga, mchanganyiko unaozuia rangi isishike, anakipeleka juu ya kitambaa, anatafuta pembe ya chapa iliyotangulia kwa jicho tu, anakishusha, anakigonga kwa kitako cha kiganja. Kisha kingine. Kisha kingine. Siku moja nilipiga magoti nikapima zile pembe kwa rula. Pale alipokosea, alikosea kwa unene wa uzi. Mtu aliyefundishwa na baba yake tangu utoto, kwa nini chapa yake iende upogo?

Kwa hiyo usitafute kasoro nyingi, tafuta kasoro zisizo na ratiba. Na kipimo cha pili hiki hapa, hakihitaji hata tepu. Tazama wekundu unavyokaa ndani ya mistari yake. Kwenye skrini, kama wekundu umesogea kulia kidogo, umesogea kulia kitambaa kizima, kwa sababu kila rangi ina silinda yake, na ya wekundu ndiyo iliyokaa vibaya. Kwenye vibao, hapa umesogea kulia, chapa inayofuata umesogea chini, ya tatu umekaa sawasawa. Kila chapa na uamuzi wake.

Kuhusu ulinganifu na gharama, hapo ndipo watu wengi wanapojichanganya. Ulinganifu unampunguzia mchapaji kazi. Kibao cha mraba ambacho nakshi yake inalingana pande zote nne anaweza kukishika vyovyote, hakina juu wala chini. Tena ajraki yenyewe ya asili huchapwa pande zote mbili za kitambaa, na chapa ya nyuma lazima ilale sawasawa juu ya ya mbele. Nakshi ambayo kushoto na kulia zinalingana kama uso na kioo inatumia kibao kile kile mbele na nyuma. Isiyolingana inataka kibao cha pili kilichochongwa kinyume, na mchongaji halipwi kidogo. Ukiona nyota na miduara imejaa kwenye ajraki, pamoja na uzuri wake kuna akili ya kazi pale.

Hela yako inakwenda kwenye siku. Hatua zinatajwa kuwa kati ya 14 na 16: kuosha, kuloweka kwenye mafuta na soda, kutia unga wa tunda la harda mpaka kitambaa kiwe cha manjano, chapa ya chokaa, chapa ya weusi unaotokana na vyuma chakavu vilivyochachushwa na sukari guru, chapa ya shabu ili wekundu ushike, kuchovya kwenye nili, kuosha, kuchemsha kwenye rangi ya mizizi. Kati ya hatua na hatua kuna jua. Mvua ikinyesha, unangoja. Hayo ndiyo 520. Kwa bei hiyo mchapaji hajakutajirikia.

Ile 4,490 ya brandi kubwa usiione ni ulaghai mtupu. Ndani yake kuna pango la duka, mishahara, mizigo iliyorudishwa, na lile punguzo la msimu ambalo lilishahesabiwa siku bei inapangwa. Tulikuwa tunachukua gharama ya kurta tunazidisha kwa mbili na nusu au tatu, kisha tunaangalia jirani anauzaje. Ninyi hamna duka, msizidishe hivyo.

Ila mstari wa kodi uangalieni sana. Tangu tarehe 22 Septemba 2025, GST, yaani kodi ya bidhaa na huduma, kwa nguo iliyoshonwa ni asilimia 5 mpaka thamani ya rupia 2,500 kwa kipande, na ikizidi hapo ni asilimia 18. Thamani hiyo ni kabla ya kodi. Ukiuza kwa 2,500, mteja analipa 2,625. Ukiuza kwa 2,600, analipa 3,068. Wewe umeongeza mia moja, yeye kaongezewa 443. Na kwenye lebo ya India bei ya juu ya rejareja inaandikwa ikiwa na kodi zote ndani, kwa hiyo yeye anaiona 3,068 tu, hajui nani kala nini.

Fundi_Dulla

Bi Rukia shikamoo, umemaliza. Mimi niongeze la mezani pa mkasi, maana nimesimamia ukataji Jaipur miaka minne na ulinganifu huko ni hela taslimu.

Sele, angalia kama nakshi yako ina kichwa na miguu. Vitambaa vingi vya Bagru na Sanganer, miji ya wachapaji karibu na Jaipur, vina vijiua vinavyosimama, shina chini, ua juu. Kitambaa kama hicho kila kipande cha kurta lazima ukikate kikielekea upande mmoja, la sivyo mteja atavaa maua yaliyosimama kifuani na yaliyopinduka mgongoni. Kwa hiyo huwezi kugeuza mkono wa kurta ukaupenyeza kwenye nafasi iliyobaki, na vipande vinavyotupwa vinaongezeka. Nakshi ambayo ukiipindua nusu duara inabaki ile ile, kama nyota za ajraki, unakata juu chini utakavyo. Sisi kwa kurta moja tulikuwa tunaokoa sentimita 20 hivi. Kwa kitambaa cha 520 hiyo ni rupia 104, umeokoa bila kumkaba mtu.

Na mshono wa katikati ya kifua uanzie katikati ya nyota au katikati ya nafasi kati ya nyota na nyota. Ukianzia popote pengine, pande mbili za kifua hazitafanana, na mteja ataona kuna kitu hakijakaa hata kama hawezi kukitaja.

Mwalimu_Hesabu

Nimefundisha hesabu sekondari kwa muda mrefu, mada hii imenifurahisha kuliko nilivyotarajia. Lakini Bi Rukia, kwa heshima zote, kipimo chako cha pini kina tundu. Kibao nacho ni kitu kigumu. Kikimeguka jani moja, jani hilo litakosekana kila kibao kinapopigwa. Sele anaweza kukuta kasoro inayojirudia kwa vipimo kwenye kitambaa cha mkono halali, akakikataa.

Kuna njia ya kutenganisha. Nakshi inayojaza kitambaa pande zote ina aina 17 tu za ulinganifu, Mrusi Fedorov alilithibitisha hilo mwaka 1891, na za pindo la mstari mmoja ni 7. Ukiwaonyesha wanafunzi nakshi za India, bila shida wanaanza kuzitofautisha: hii ina kioo, hii inazunguka robo duara, hii inaakisi kisha inateleza mbele. Sasa jiulize kasoro ina ulinganifu gani. Ya skrini ina kusogea mbele tu: inaruka hatua ile ile daima na inaelekea upande ule ule daima. Ya kibao cha mraba inaruka hatua ndogo, upana wa kibao, na kwa kuwa mchapaji anaweza kukishika vyovyote, jani lililomeguka linaweza kuhama kutoka pembe hii kwenda ile. Ya mkono wenyewe haina ulinganifu wowote.

Kwa hiyo, Sele, pima umbali kwanza, kisha tazama mwelekeo.

Bi_Rukia_Ahmedabad

Mwalimu, nimekubali. Kibao kilichomeguka nimekiona mara nyingi, na nimewahi kubishana na mkaguzi kijana aliyetaka kurudisha mita 200 kwa sababu hiyo hiyo. Ningelikumbuka mapema.

Kisima77

Naomba niingie na patola kidogo, kile kitambaa cha hariri ambacho nakshi yake inafumwa, maana mmeongea chapa tupu. Nilikwenda Patan, Gujarat, kutazama wafumaji wa ukoo wa Salvi. Pale ulinganifu unatengenezwa kabla kitambaa hakijawepo. Nyuzi za mtande (za urefu) na za mshindio (za upana) zote zinafungwa kwa uzi sehemu sehemu, zinachovywa rangi, zinafunguliwa, zinafungwa tena kwa rangi nyingine. Nyuzi zitakazobeba umbo moja zinakusanywa pamoja na kufungwa kwa mkupuo mmoja, ndiyo maana umbo linajirudia kwa mpangilio ule. Kisha wakati wa kufuma, kila rangi ya mshindio lazima ikutane na mwenzake wa mtande. Niliona watu wawili kwenye mtambo mmoja ulioinama upande, wamefuma vidole vichache, wamesimama, mmoja kachukua sindano anasogeza uzi mmoja mmoja mpaka ncha ya jani ikae. Kwa siku wanapata kama sentimita 20. Sari moja ni miezi, na bei inahesabiwa kwa laki za rupia.

Ile patola ya Rajkot, mji mwingine wa Gujarat, inayouzwa kwa sehemu ndogo ya bei hiyo kwa kawaida imefungwa mshindio tu. Utaitambua kwenye kingo za maumbo: ukungu wa rangi unatembea upande mmoja, kulia na kushoto. Ya Patan ina ukungu pande zote nne za umbo. Si kazi mbaya ile ya Rajkot, ni kazi nyingine, na muuzaji mkweli anakwambia. Uchungu wangu ni kwa wanaochapa picha ya ule ukungu juu ya poliesta na kuiita patola. Geuza nyuma, rangi imepauka.

Sele_Pune

Shikamooni nyote, Bi Rukia na mwalimu hasa. Nimerudi na majibu.

Kile cha 160: petali ya kwanza, pini. Nikafuata mstari. Petali ya pili ilikuwa sentimita 64 kamili, ya tatu 128. Nikajaribu na ule mstari uliokatika, na ile pembe iliyovuja: 64, 128, 192. Mwenzangu ndiye aliyekuwa ameshika mwisho wa tepu, hakusema kitu, alichomeka tu pini nyingine. Wekundu umeelemea kulia mita tatu nzima.

Kile cha 520: mwalimu, nimekuta ulilolisema. Kuna jani dogo la nili limemeguka ncha, na linarudi kila sentimita 17. Nusura niseme nimeibiwa. Kisha nikaangalia mwelekeo. Chapa ya kwanza kimeguko kipo juu kushoto, ya pili juu kushoto, ya tatu kipo chini kulia, kisha kimerudi juu. Alikigeuza kibao mkononi. Nilikaa nikiangalia ile chapa ya tatu kwa muda mrefu. Na kwenye pindo kuna mahali chokaa ilikuwa nyepesi, kama trei ilikuwa inakaribia kukauka, chapa nne zinafifia, ya tano imejaa tena. Hapo najua alinyanyuka akaongeza.

Bei tumekaa nayo jana usiku. Kwa ukataji wa Fundi Dulla kurta inakula mita 2.3, yaani rupia 1,196. Kushona 350. Vifungo, kuosha, mfuko na lebo 120. Jumla 1,666. Tutauza kwa thamani ya 2,400, na kodi ya asilimia 5 mteja analipa 2,520. Zinabaki 734 kwa kila kurta, humo mna picha, usafirishaji, na zitakazorudishwa. Ni kidogo lakini kila namba naweza kumwonyesha mtu. Tumeagiza mita 60 za kuanzia.

Muuzaji nilimpigia kuhusu kile cha 160. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema kiwandani walimpa hivyo hivyo. Sijui. Mwenzangu anataka tukichukue pia kwa kurta za bei ya chini, kwa kuwa kuna wateja ambao 2,520 hawaiwezi na nakshi wanaipenda. Nimemkubalia kwa sharti moja, maneno kwenye lebo niyaandike mimi: "Chapa ya skrini, kiwandani. Nakshi ya ajraki ya Kutch." Herufi za ukubwa uleule kwa sentensi zote mbili.

Bi Rukia, swali la mwisho. Oda ijayo nataka nikanunue Ajrakhpur mwenyewe, bila mtu wa kati. Niende mwezi gani ili nisiwakute wanangoja jua?

Bi_Rukia_Ahmedabad

Nenda Novemba au Desemba, mvua zimeshakwisha na joto limepungua. Lala Bhuj, mji wa karibu, asubuhi uchukue gari, si mbali. Usianze na bei. Omba kwanza uone kitambaa kikioshwa.